Edmund Peck na Wainuit wa Kisiwa cha Baffin: mwandiko uliofika kambini kabla ya mmisionari

Kalamu ya Zamani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mara nyingi humu tumejadili wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari cha Kanisa la Anglikana la Uingereza) waliofika kwetu, kuanzia Krapf aliyeshuka Mombasa mwaka 1844, na kila mara mjadala umekwama palepale: upande mmoja unasema walileta elimu, upande mwingine unasema walifungua njia ya ukoloni. Leo naomba tuhamie kaskazini mwa Kanada, kwa sababu chama hichohicho kilimtuma huko mtu ambaye maisha yake hayaingii kirahisi katika upande wowote. Ni Edmund James Peck, aliyejulikana kwa Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, kwa jina la Uqammaq. Naitaja hoja yangu mapema ili mnipime nayo: kazi ya Peck ilidumu kwa sababu Wainuit waliichukua mikononi mwake, wakaifikisha mahali ambapo yeye hakuwahi kukanyaga, na kwa hiyo hesabu ya maisha yake haikamiliki bila kuwataja wao kama watendaji.

Peck alizaliwa tarehe 15 Aprili 1850 huko Rusholme, Manchester, akakulia Dublin, na akawa yatima angali mdogo. Alijiunga na jeshi la wanamaji la Uingereza akiwa kijana, akatumika humo kwa karibu miaka kumi. Hakupita chuo kikuu, na nadhani jambo hili lilimsaidia kuliko lilivyomkwamisha, kwani alikwishazoea kulala pabaya, kula kilichopo na kukaa miezi mingi na watu wachache. Mwaka 1876 CMS ilimpeleka Ghuba ya Hudson. Akiwa melini alijifunza Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, kutoka Agano Jipya ambalo Wamoravia, wamisionari wa kanisa jingine la Kiprotestanti, walikuwa wamekwisha kulitafsiri kwa Wainuit wa Labrador, ambako walikuwa na vituo tangu mwaka 1771. Alipokelewa Moose Factory na Askofu John Horden, kisha akapanda kaskazini hadi Little Whale River, pwani ya mashariki ya ghuba, mahali ambapo Kampuni ya Hudson's Bay ilikuwa na kituo cha biashara ya manyoya na mafuta. Horden alimweka wakfu mwaka 1878, na katika mwaka huohuo sehemu za Maandiko alizozitayarisha kwa ajili ya Wainuit wa pwani hiyo zilichapishwa London. Mwaka uliofuata lilifika kanisa la mabati, limepakiwa melini vipande vipande, likajengwa hapo Little Whale River.

Mwaka 1884 alivuka rasi ya Ungava kutoka Ghuba ya Hudson hadi Fort Chimo, kupitia nchi kavu na maziwa, ndipo akapata meli ya kurudi Uingereza. Huko alimwoa Sarah Ann Coleman mwaka 1885, wakarudi pamoja na kuishi Fort George hadi mwaka 1892.

Sehemu ya maisha yake iliyo nzito zaidi ni ile iliyofuata, nayo nitaieleza katika bandiko linalokuja.

Binti wa Makavazi

Asante sana kwa uzi huu. Kabla hujaendelea, naomba ufafanue jambo moja. Nimeona picha za mabango ya Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, yenye herufi zinazofanana na pembetatu na ndoano, na wapo wanaodai kwamba Peck ndiye aliyezibuni. Je, ni kweli?

Kalamu ya Zamani

Dada, swali lako limekuja mahali pake. Peck hakuzibuni, ingawa ndiye aliyefanya zaidi ya mmisionari mwingine yeyote kuzieneza kwa Wainuit.

Mwandiko huo wa silabi ulianza mwaka 1840 huko Norway House, kwa watu wa taifa la Cree, chini ya James Evans wa kanisa la Methodisti. Evans hakuwa na herufi za chapa, kwa hiyo aliyeyusha risasi na karatasi za madini zilizokuwa zikifunika majani ya chai ndani ya makasha, akamimina katika vibao alivyovichonga, akachanganya masizi na mafuta ya samaki kuwa wino. Baadaye Waanglikana wawili, Horden niliyemtaja na Edwin Arthur Watkins, waliurekebisha ili ufae sauti za Kiinuktitut, na kazi hiyo ilikuwa imekaa sawa kufikia mwaka 1865. Peck alikuta chombo kipo, lakini vitabu vilikuwa vichache sana, na wasomaji wachache vilevile.

Utaratibu wake ni huu. Umbo la alama linaonyesha konsonanti, na upande ambao alama imegeukia unaonyesha irabu. Tazama: ᐱ ni pi, ᐳ ni pu, ᐸ ni pa. Ni pembe ileile, imeelekea juu, kulia na kushoto. Vivyo hivyo ᑎ ni ti, ᑐ ni tu, ᑕ ni ta. Kiinuktitut kina irabu tatu tu, i, u na a, kwa hiyo anayejua maumbo kama kumi na tano na jinsi ya kuyageuza anaweza kusoma. Ni kama ba-be-bi-bo-bu tuliyoimba darasa la kwanza, isipokuwa kwao silabi nzima ni alama moja. Konsonanti isiyo na irabu huandikwa kwa alama ndogo iliyoinuliwa, na katika vitabu vya zamani mara nyingi iliachwa kabisa, msomaji akaijaza mwenyewe kwa kuwa lugha ni yake.

Nasisitiza hili kwa sababu lina uzito katika hoja yangu. Mwandiko huu hauhitaji shule wala dawati. Mama angeweza kumfundisha mtoto ndani ya nyumba ya theluji kwa mwanga wa taa ya mafuta ya sili, na mtoto akamfundisha binamu aliyekuja kutoka kambi nyingine kuwinda. Kwa watu waliohama kwa kufuata wanyama, herufi zinazoweza kuhama nao zilikuwa jambo kubwa kweli.

Kalamu ya Zamani

Naendelea.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wavuvi wa nyangumi kutoka Scotland na Marekani walikuwa wameligeuza eneo la Cumberland Sound, katika Kisiwa cha Baffin, kuwa uwanja wao. Waliingia baada ya nahodha William Penny kulifikia mwaka 1840 akiongozwa na kijana wa Kiinuit aitwaye Eenoolooapik. Walitafuta mafuta, na zile nyuzi ngumu za kinywani mwa nyangumi ambazo Ulaya zilitumika kutengenezea nguo za kubana kiuno. Wainuit wengi walihamia karibu na vituo, wakawa wapiga makasia wa mashua na wapiga chusa, wakilipwa kwa bunduki, biskuti, chai na tumbaku. Kufikia miaka ya 1890 nyangumi walikuwa wamepungua vibaya, na familia zilizozoea kutegemea kituo zilianza kuona njaa.

Ndani ya hali hiyo ndipo Peck alipofika Kisiwa cha Blacklead mwezi Agosti 1894, akiwa na kijana Joseph Parker aliyekuwa na mafunzo ya tiba. Kituo kilikuwa mali ya Crawford Noble wa Aberdeen, na meli ilikuja mara moja kwa mwaka. Mke na watoto wa Peck walibaki Uingereza. Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi mwaka 1905, isipokuwa vipindi vya likizo aliporudi Uingereza, maisha ya familia hiyo yalikuwa kupeana barua za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Sijui kama sisi wa leo, ambao ujumbe usiojibiwa kwa saa mbili hutukosesha usingizi, tunaweza kupima uzito wa jambo hilo, hasa kwa upande wa Sarah, ambaye hutajwa kwa ufupi sana kila habari hii inapoandikwa.

Kanisa lao la kwanza pale Blacklead lilijengwa kwa ngozi za sili zilizoshonwa na kutandazwa juu ya fremu. Katika majira ya baridi ya kwanza, mbwa wa kuvuta sleji waliokuwa na njaa kali walipanda juu yake wakalirarua na kulila. Kisa hiki husimuliwa kwa kuchekesha, nami naona si haki. Mbwa waliofikia kula paa la ngozi kavu ni mbwa wa watu ambao wenyewe hawana cha kula, na ibada iliyofuata iliendeshwa mbele ya watu hao.

Mwaka 1896 Parker, mwenzake Peck, alikufa maji. Mwaka 1897 Injili zote nne zilitoka kwa mwandiko wa silabi, zikapelekwa Blacklead kwa meli. Pamoja na hayo yote, ubatizo wa kwanza wa watu wazima ulifanyika mwaka 1901 tu, miaka saba baada ya kufika, na waliotangulia walikuwa wanawake. Katika miaka hiyo saba watu walikuwa wamekwisha jifunza kusoma. Walichukua herufi mara moja, ilhali imani waliitafakari kwa miaka mingi, na mimi nauona utaratibu huo kuwa ushahidi kwamba walikuwa wakiamua wenyewe wapokee nini na lini.

Mwaka 1905 Peck aliondoka Blacklead. Aliendelea kuisimamia misheni ya Aktiki, na mwaka 1909 alikuwapo kituo kipya kilipofunguliwa Lake Harbour, mahali panapoitwa leo Kimmirut, pamoja na Julian Bilby na Archibald Fleming. Huyu Fleming ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Aktiki mwaka 1933. Peck alifariki Ottawa tarehe 10 Septemba 1924. Kamusi yake ya Kiinuktitut na Kiingereza ilitoka mwaka uliofuata, nayo ilitokana na kamusi ya Kijerumani ya Mmoravia Friedrich Erdmann ya mwaka 1864.

Mpinga Mkondo

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini naona umemsifia mno. Mtu huyu alikwenda kuwaambia watu kwamba waganga wao ni wadanganyifu na kwamba ngoma zao ni dhambi. Baada yake zilikuja shule za bweni ambako watoto wa Kiinuit na wa mataifa mengine ya asili walikatazwa kusema lugha zao, nyingine zikiendeshwa na kanisa hilohilo la Anglikana. Unawezaje kusifu herufi bila kutaja bei yake?

Kalamu ya Zamani

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki na sitalikwepa.

Ni kweli kwamba Peck aliwapinga waganga, ambao kwa Kiinuktitut mmoja wao huitwa angakkuq, na alipinga sherehe zao za majira ya kupukutika. Aliamini bila shaka yoyote kwamba anawaokoa watu kutoka gizani. Kuhusu shule za bweni, Kanisa la Anglikana la Kanada liliomba radhi mwezi Agosti 1993 kwa kinywa cha Askofu Mkuu Michael Peers, na mwaka 2019 Askofu Mkuu Fred Hiltz aliomba radhi tena, safari hii kwa madhara ya kiroho, yaani kwa kudharau imani na desturi za mataifa hayo. Kanisa lenyewe limekiri; sisi hatuna sababu ya kulitetea zaidi ya linavyojitetea. Shule hizo zilienea katika Aktiki ya Wainuit miongo kadhaa baada ya Peck, na jambo la kusikitisha ni kwamba zilikwenda kinyume kabisa na msingi wa kazi yake, maana yeye alitumia maisha yake yote kuhakikisha kwamba mtu anasoma kwa lugha ya mama yake.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wachache wanalijua. Mwanaanthropolojia Franz Boas, aliyekuwa ameishi Cumberland Sound mwaka 1883 na 1884, aliomba msaada wa watu waliokuwa katika Aktiki ili akusanye masimulizi na desturi za Wainuit, na mmoja wao alikuwa Peck. Wengine walikuwa manahodha James Mutch na George Comer. Kazi hiyo ilichapishwa New York mwaka 1901 na 1907. Miongoni mwa maandishi ya Peck imo orodha ya pepo wasaidizi wa waganga, 347 kwa idadi, kila mmoja na sura yake na kazi yake: huyu huleta sili, huyu hulinda, huyu huua. Fikiria mhubiri aliyeketi na watu na kuandika pepo mmoja baada ya mwingine hadi wakafika mia tatu na arobaini na saba. Waliomsimulia waliacha kumbukumbu ya imani yao kwa mkono wa mtu aliyetaka imani hiyo ikome, na wazao wao leo wanaweza kuisoma. Sisemi kwamba hili linafuta lile. Nasema yote mawili yalifanywa na mtu mmoja, katika kisiwa kimoja, na msomaji makini anapaswa kuyabeba yote mawili.

Msomi wa Mengo

Ningependa kuongeza jambo kutoka upande wetu wa Uganda, kwa sababu naona undugu wa karibu. Mwaka huohuo wa 1876 ambao Peck alikwenda Ghuba ya Hudson, CMS ilituma kundi la Alexander Mackay kupitia Zanzibar kwenda Buganda, kwa Kabaka Mutesa. Waganda wa kwanza walioipokea dini hiyo waliitwa wasomaji kabla ya kuitwa Wakristo, na baadhi yao walianza kusoma kwa Kiswahili kwa kuwa vitabu vya Kiganda vilikuwa havijatoka. Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896 hujulikana kwa jina la George Pilkington, lakini kando yake alikuwapo Henry Wright Duta, Mganda, na wanaojua historia ya kitabu hicho hawakubali atajwe mmoja bila mwingine. Je, kwa upande wa Peck, wapo wenzake wa Kiinuit tunaowajua kwa majina?

Kalamu ya Zamani

Ahsante, Msomi. Ulinganisho wako ni wa kweli kabisa, kwa sababu ni chama kimoja, kizazi kimoja, na mpango mmoja wa kutanguliza kusoma.

Wapo. Luka Kidlapik na Petro Tulugarjuaq wa Cumberland Sound ndio wanaotajwa zaidi. Walilelewa na misheni ya Blacklead wakawa makatekista, na wamisionari wa kudumu walipokosekana, makatekista ndio walioendesha ibada na kufundisha. Hao ni wenye vyeo. Nyuma yao wapo wengi waliosafiri kwa sleji wakiwa na kitabu ndani ya mfuko wa ngozi, bila kutumwa na mtu yeyote.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko kaskazini zaidi, eneo la Iglulik na Pond Inlet. Wamisionari wa kwanza kukaa Pond Inlet walifika mwaka 1929. Lakini msafara wa Wadenmarki ulioongozwa na Knud Rasmussen kati ya 1921 na 1924 uliwakuta watu wa huko wamekwisha pata vitabu vya silabi, wanaimba nyimbo za dini, wanapumzika Jumapili, na wanapeana mikono kwa bidii kila wanapokutana. Katika eneo la Iglulik aliyeongoza alikuwa Mwinuit aitwaye Umik, ambaye hakuwekewa mikono na askofu yeyote. Katika kambi kadhaa za Baffin kaskazini watu walibuni pia desturi yao wenyewe ya kuingia katika dini mpya, inayoitwa siqqitiq: walikusanyika wakala pamoja sehemu za mnyama zilizokuwa na mwiko, kama moyo wa sili, na kwa kula huko wakatangaza kwamba miiko ya zamani haiwafungi tena. Desturi hiyo haimo katika kitabu chochote cha ibada cha Kianglikana. Waliifikiria wenyewe kwa kutumia lugha ya miiko yao, wakavuka mto kwa daraja walilolijenga wao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomwita Peck mtu aliyewageuza Wainuit, iwe kwa sifa au kwa lawama. Mtu hawezi kugeuza kambi ambayo hajawahi kufika.

Binti wa Makavazi

Swali langu la mwisho: je, mwandiko huo unatumika hadi leo, au umebaki makanisani?

Kalamu ya Zamani

Unatumika sana. Nunavut ilipoanzishwa tarehe 1 Aprili 1999, ilirithi mwandiko huo katika ofisi, shule na mabango ya barabarani, na Wainuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, wanautumia pia. Labrador, walikokuwa Wamoravia, watu huandika kwa herufi za Kirumi, na Aktiki ya magharibi vilevile. Kwa hiyo mipaka ya misheni za karne ya 19 bado inaonekana katika maandishi ya kila siku. Mwaka 2019 shirika la kitaifa la Wainuit, Inuit Tapiriit Kanatami, lilipitisha tahajia moja ya herufi za Kirumi kwa ajili ya kuunganisha maeneo yote, bila kuufuta mwandiko wa silabi, na mjadala wake ni mkali, kwa kuwa wengi wanauona mwandiko huo kuwa urithi wao na hawaukumbuki tena kama kitu cha kigeni.

Kuhusu Biblia, kazi aliyoianza Peck haikukamilika mikononi mwa Mzungu. Mwaka 1978 ulianza mradi mpya wa dayosisi ya Aktiki na Chama cha Biblia cha Kanada, na safari hii watafsiri walikuwa makasisi wa Kiinuit wenyewe: Benjamin Arreak, Jonas Allooloo, Joshua Arreak na Andrew Atagotaaluk, ambaye wakati huo mradi ukiendelea alikuja kuwa askofu wa Aktiki. Agano Jipya lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Biblia nzima iliwekwa wakfu mwezi Juni 2012 katika kanisa kuu la Mtakatifu Yuda, Iqaluit, lile lenye umbo la nyumba ya theluji, lililojengwa upya baada ya kuchomwa moto mwaka 2005. Ilikuwa kazi ya miaka 34, na ilichapishwa kwa silabi zilezile za ᐱ, ᐳ na ᐸ.

Mwenye maswali kuhusu Robert McDonald, aliyefanya kazi kama hii kwa Wagwich'in wa Yukon na ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiojibwa, anaweza kuyaweka hapa. Huyo anastahili uzi wake, na nitaufungua nikishapanga maelezo yake vizuri.